Shingo ya Mama Kwenye Picha

Mama alikuwa na rovu tangu sijazaliwa. Lilikua shingoni mwake taratibu, na pale Usevya hakuna aliyelishangaa. Alilima mpunga nalo, akapepeta mchele nalo, akacheka nalo. Aliyelionea aibu ni mimi, msomi wa Mpanda mjini, nilipopata mchumba na sendofu yangu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ikakaribia. Nilitaka picha nzuri. Nilimsumbua miezi kadhaa mpaka akakubali kufanyiwa upasuaji, nami nikajisifu kwamba nimemsaidia.

Alirudi na kovu jembamba na vidonge vya kalsiamu na vitamini vya kumeza kila siku. Vilipokaribia kwisha alinipigia simu nimtafutie vingine.

"Mama, hivyo si vya mifupa tu? Kwani wewe mjamzito?" nikamwambia. "Nakutumia dagaa wa ziwani. Tafuna mpaka vichwa."

Nikatuma ndoo nzima kwa basi. Nilijiona nina akili kweli.

Baada ya siku chache akasema midomo inakufa ganzi na vidole vinakaza, hata ungo unamponyoka. Nikamjibu ni uchovu tu, apunguze kazi. Mungu anisamehe.

Siku ya sendofu shingo yake ilipendeza. Mshereheshaji alipoomba makofi, mama alibaki ameketi, mikono chini ya kitenge. Nikamwendea, nikamnong'oneza kwa hasira kwamba watu wanamwangalia. Akafunua kitenge. Vidole vilikuwa vimenyooka na kubanana pamoja, gumba limeingia kiganjani, havifunguki.

"Shingo nimekupa, mwanangu," alisema. "Hii mikono ndiyo siiwezi."

Keki haijakatwa, akaanguka, mwili mzima ukitetemeka.

Hospitalini walimwekea kalsiamu kwenye mshipa, polepole, na vidole vikaachia huku natazama. Daktari akanieleza kwamba nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Damu ikipungukiwa kalsiamu, vitezi hivyo hutoa homoni inayoifanya mifupa itoe akiba yake, figo zisiimwage kwenye mkojo, na utumbo uifyonze vizuri kutoka kwenye chakula. Vya mama viliharibika rovu lilipotolewa. Bila homoni hiyo, dagaa wangu walikuwa wanapita tu. Vidonge ndivyo vilivyokuwa vinamshikilia, na mimi ndiye niliyemkatishia.

Siku hizi nanunua vidonge kabla havijaisha, na mama anapepeta tena, kidogo kidogo. Hajawahi kunilaumu, na hilo linaniuma kuliko kama angenitukana. Picha ya sendofu aliitundika mwenyewe sebuleni kwake. Wageni wakiitazama husifu shingo. Mimi macho yangu huenda kwenye kitenge mapajani mwake, pale kilipotuna kidogo, alipoificha mikono ili mimi nisiaibike.