Gauni Jeupe la Studio ya Amandine

Amandine anapiga watoto picha huku Nyamianda, sasa mwaka wa ishirini na sita, na mimi Apollinarie, mshonaji, niko chumba kinachofuata. Ni mwanamke mwenye mdomo. Humgombeza mtoto wa komunyo mpaka mama yake mwenyewe anacheka. Nimemwona akiogopa mara moja tu, na siku hiyo nami niliogopa.

Kilichompa sifa ni gauni. Mtawa mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia picha ya kale, ya miaka ya elfu moja mia nane na kitu: mtoto wa Ulaya amesimama studio kando ya kiti, gauni jeupe la lesi mpaka vifundoni. Amandine aliniagiza nishone kama lile, nikashona wiki mbili. Baadaye mtawa alituandikia kwamba mtoto yule alikuwa wa kiume; zamani kwao wadogo wote walivalishwa hivyo. Tulicheka mpaka machozi, na gauni likaendelea kuvaliwa na wasichana wetu. Mzazi asiye na nguo nzuri analeta mtoto tu. Amandine anamvalisha, anampiga picha, kisha anamsafisha kwenye kompyuta: kovu, kamasi, kipele, vyote anafuta. Hata aliyetoka Sange na vumbi la njia nzima anaonekana kama malaika.

Kufua? Lesi haipendi maji mengi. Tulikuwa tunaianika juani, basi. Nalisema wazi kwa sababu ndilo kosa letu, na nusu yake ni langu.

Jumanne moja asubuhi aliingia Libérat, muuguzi wa kituo cha afya. Dorine, msichana aliyepigwa picha na gauni lile majuma mawili kabla, alikuwa amelazwa kwa mpox, ugonjwa unaopita hata kwenye nguo, vipele mwili mzima.

"Mama Amandine, ile robe nyeupe, nani alivaa nyuma ya Dorine, kisha yeye?"

Amandine alishika meza. Nilijua anawaza nini, maana nami niliwaza hilohilo: Keza, mjukuu wake wa miaka saba, anayelala naye kitanda kimoja tangu mama yake afariki. Keza alivaa gauni lile siku yake ya kuzaliwa.

Alifungua kompyuta. Picha zimepangwa kwa tarehe. Dorine, Jumamosi. Keza, Jumatano ya juma lilelile, siku tatu kabla ya Dorine.

"Keza alivaa mbele!" alipiga kelele. "Mungu iko mukubwa! Apollinarie, weye unaona? Alivaa mbele ya Dorine!"

Nilimkumbatia. Libérat hakucheka.

"Na Dorine alitoa wapi ile ugonjwa? Minye nataka kuona na wale wa mbele."

Kabla ya Keza juma lile kulikuwa na mmoja tu, Claire, aliyeletwa kutoka Luberizi akapigwa picha na kurudi siku ileile. Picha yake ilikuwa nzuri, shingo laini, mikono laini. Libérat alishukuru, akasimama aende. Amandine hakusimama.

"Ngoja," alisema. "Hii iko ile nilisafisha."

Akafungua ile ya kwanza, kabla mkono wake haujaigusa. Shingoni, pale lesi inapokaa juu ya ngozi, kulikuwa na vipele vinne. Kimoja kilikuwa kimepasuka.

"Ni minye njo nilivifuta," alisema. "Nilifikiri iko imbu zilimuuma."

Tulimwita Keza kutoka uani. Alikuja mbio, akadhani anapigwa picha, akanyoosha shingo kama alivyofundishwa. Nilimfungua vifungo. Shingo safi. Kifua safi. Mgongo safi. Nilianza kupumua.

"Koko," mtoto akamwambia bibi yake, akainua mkono mwenyewe, "huku njo kunaniwasha."

Kilikuwa kipele kimoja, kwapani, kidogo kama punje ya mtama. Amandine alinyoosha mikono kumchukua.

"Mama, usimuguse," Libérat alisema kwa upole.

"Tangu siku zile zote nalala naye," Amandine akamjibu, huku amekwisha kumbeba. "Leo njo nisimuguse?"

Wakatoka hivyo hivyo kwenda kituoni, muuguzi mbele, yeye nyuma na mtoto mikononi. Mimi nilibaki na orodha ya watoto wa kutafutwa, wanane waliovaa gauni lile, na wa kwanza niliyepaswa kumtafuta alikuwa Claire.