Mlio Ambao Habibu Hakuusikia

Rabson ndiye aliyemwambia. Alikuwa ametoka Chunya na shafti ya karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, akasimama mlangoni mwa karakana ya Mwanjelwa na vumbi la safari likiwa bado kwenye nyusi.

"Mzee Habibu, mashine yako inalia."

"Inalia nini?"

"Inagonga bwana. Husikii?"

Habibu Othmani alizima mota. Miaka thelathini na moja alikuwa akikereza chuma kwenye mashine hiyo hiyo aliyoachiwa na baba yake. Kwa wiki tatu alikuwa akiona mawimbi madogo kwenye kila shafti aliyoikereza, na kila mara lawama alikipa kisu; akakinoa, akakibadilisha. Giaboksi hakuifikiria. Aliamini ingeharibika angeisikia mwenyewe.

"Nitaiangalia," alimjibu. "Shafti yako iache, unipe siku kumi."

Rabson alipoondoka, Habibu aliimwaga oili ya giaboksi kwenye beseni, akaichuja kwa kitambaa cheupe. Vikabaki vipande viwili vya chuma, kila kimoja kama punje ya mchele. Akafungua mfuniko wa juu, akaishika shafti ya kati na kuitikisa. Ilicheza. Beringi yake ya nyuma ilikuwa imekwisha, gia zikawa zinakutana kombo, na moja ilikuwa imevunjika meno mawili. Uharibifu kama huo si wa siku moja. Gia zilikuwa zimegonga kwa wiki nyingi, hatua mbili tu kutoka kichwani mwake. Alikaa juu ya kreti tupu la soda, gia mkononi.

Beringi aliipata palepale Mbeya. Gia haikupatikana, ikabidi apande basi la Iringa ampelekee Kasian, rafiki yake wa tangu chuo cha ufundi, mwenye mashine ya kukatia meno. Kasian aliigeuza geuza ile gia mbovu.

"Habibu, na wewe hukuisikia hii?"

"Kazi zilikuwa nyingi."

Kasian alimtazama kidogo, kisha akaanza kuhesabu meno.

Habibu alirudi na gia mpya, akatumia siku mbili kuosha giaboksi kwa dizeli, kubadilisha beringi na sili za kuzuia oili, na kupanga gia moja moja. Ilipobaki kuijaribu, akakwama. Fundi huijaribu giaboksi kwa sikio. Jioni ile, mbele ya sahani ya wali, alimwambia mkewe.

"Mama Asmaa, nafikiri masikio yangu yana matatizo."

Nusrat hakushtuka. Alimwongezea mchuzi.

"Baba Asmaa, huu mwaka wa tatu nakaa kulia kwako. Kushoto ukiitwa huitiki."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia mara mbili. Ukasema mimi ndiye ninayeongea chini chini."

Alitaka kukasirika, lakini alikumbuka kwamba kweli alisema hivyo. Akamaliza wali wake. Mwisho akamwomba aje karakana kesho yake asubuhi amsikilizie mashine. Nusrat hakuwahi kuipenda karakana; oili yake ndiyo aliyoifua kwenye mashati kwa miaka yote ya ndoa. Hata hivyo alikuja, amejifunga kitenge kingine juu ya gauni kwa ajili ya baridi ya Julai, akaketi kwenye kreti karibu na giaboksi. Kwa kuwa mota ikiwaka wasingeelewana, walikubaliana ishara: kiganja wazi, sauti ni safi; ngumi, kuna kitu.

Habibu alisema bismillahi, akaiwasha kwa mwendo wa chini kabisa. Kiganja. Akazima, akahamisha gia, akawasha. Kiganja. Mwendo wa tatu, kiganja. Wa nne, Nusrat akainamisha kichwa, akakunja ngumi.

Habibu akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye giaboksi na mpini kwenye taya ili mtetemo upite mfupani, kama alivyofundishwa na baba yake. Hakuhisi kitu. Akazima.

"Hapa hapana kitu. Gia mpya, beringi mpya."

"Mimi mambo ya gia siyajui. Lakini hapo panagonga, kama mtu anayetafuna bisi."

"Labda ni mkanda."

"Mkanda mbona kwenye mwendo wa tatu haukutafuna bisi?"

Habibu akachukua spana. Akafungua tena mfuniko alioufunga kwa boliti kumi na mbili, akanung'unika kwenye kila moja. Ndani akaona: skrubu ya uma wa kuhamishia gia haikukazwa hadi mwisho, kwa hiyo gia ya mwendo wa nne ilikuwa imeingia nusu tu. Siku chache za kazi, ingevunjika nayo. Aliikaza, akamgeukia mkewe.

"Panagonga kweli," alisema.

"Haya, washa."

Walipitia miendo yote minane. Kiganja cha Nusrat kilibaki wazi mpaka mwisho.

Shafti ya Rabson ilitoka laini, bila wimbi hata moja. Wiki iliyofuata Habibu alikubali kwenda kupimwa hospitali. Daktari alimwambia sikio la kushoto alihesabu limekwenda, la kulia limebaki nusu, na hiyo nusu ataitunza kwa kuvaa viziba masikio kila mashine inapowaka. Siku hizi anavivaa. Amewaomba majirani wa karakana wamwambie wakisikia mlio wowote wa ajabu. Asukile, mchomeleaji wa mlango wa pili, amelichukulia ombi hilo kwa uzito kupita kiasi: karibu kila asubuhi anachungulia dirishani, ananyoosha kidole gumba na kupaza sauti kwamba leo inanguruma vizuri, hata kama mashine haijawashwa.