Thelma Luscombe Akataa Kuvuta Kamba

Cyril Hannaford alikuwa mkuu wa wapiga kengele wa kanisa letu hapa kijijini Combe Yarnell, na kwa jinsi alivyojiona, ungedhani Mungu humwomba ruhusa kabla ya ibada kuanza. Mimi ndiye ninayefagia mnara wa kengele, kwa hiyo vituko vyake nimevishuhudia. Kila mwanamke aliyekuja kujifunza alishikwa kiuno, eti anyooshwe mgongo. Wanaume hakuwashika. Nadhani wao walizaliwa wamenyooka.

Kasisi alibandika tangazo ukutani: mwalimu aombe ruhusa kabla ya kumgusa mtu, na asifundishe yeyote wakiwa wawili peke yao. Hannaford akatundika koti lake juu ya tangazo. Koti lilikaa pale hadi kiangazi, joto lile lote, na wapiga kengele wenzake, wanaume wazima, wakajifanya hawalioni.

Thelma, mpishi wa shule na mjane, alimchapa Hannaford mkono siku ya kwanza tu alipojaribu kumshika. Tangu hapo akanyimwa kamba ya kuvutia kengele siku za ibada. Lakini mjukuu wake Bryony alipochumbiwa, Thelma alitaka jambo moja tu: kumpigia kengele siku ya harusi. Akaenda kumsihi yule mzee.

"Nitakupa kengele ndogo," Hannaford akasema, "ila mdomo wako uubane."

Thelma akakubali. Iliniuma kumwona akikubali.

Siku ya harusi, ibada ilipokaribia kwisha, walisimama duara watu sita, kila mtu na kamba yake. Mimi nilikuwa kwenye benchi. Rowena, muuguzi aliyejifunza mwaka ule, alishika kamba ya pili. Hannaford akapita nyuma yake, akamshika kiuno kwa mikono yote miwili.

"Nyooka, binti."

"Si nilikwambia usinishike?"

"Loo! Kumbe una miiba!" Akacheka peke yake, akaenda kushika kamba yake. "Haya, Thelma!"

Kwetu anayeanza ni mwenye kengele ndogo. Husema "inakwenda", kisha huvuta akisema "imekwenda", na wengine humfuata kwa zamu. Kabla yake hakuna anayevuta. Thelma akanyamaza.

"Thelma! Bibi harusi yuko mlangoni!"

"Najua, ni mjukuu wangu. Mwombe Rowena radhi."

"Mkuu hapa ni nani?"

"Wewe. Basi anza wewe, tukuone."

Hannaford akawa mwekundu hadi masikioni. "Desmond, mnyang'anye kamba!"

Desmond, fundi bomba mwenye mabega ya kubeba ng'ombe, akatazama viatu vyake. Chini watu walishaanza kushangilia. Mimi nilitamani kupiga kelele, vuta mama, vuta, siku yenyewe haitarudi. Hakuvuta.

Hannaford akaiachia kamba yake, akashuka ngazi akikanyaga kwa kishindo ili aitwe arudi. Alisimama kidogo katikati, hakuna aliyemwita. Kisha akaendelea kushuka.

"Inakwenda," Thelma akasema, akavuta. "Imekwenda."

Kengele zikalia tano badala ya sita, na mwanzoni ziligongana ovyo kwa sababu machozi yalimzuia kuona kamba za wenzake. Dirishani nikamwona Bryony ameshafika kwenye lango la makaburi ya kanisa, nusu ya njia ameipita bila kengele. Alisimama, akainua uso, akaupungia mnara mkono.

Walipomaliza, Desmond alimwendea Thelma, kifua mbele, kana kwamba na yeye alikuwa vitani.

"Umefanya vizuri, Thelma. Kusema kweli sote tulikuwa tunangoja mtu aanze."

Thelma alikuwa anajifuta uso kwa kiganja.

"Rowena alianza, Desmond. Jumanne, kwenye mazoezi, alimwambia Hannaford asimshike, mbele yenu nyote. Ulikuwa umesimama kando yake. Ukamwambia asiharibu jioni."

Rowena aliifunga kamba yake, akampita Desmond bila kumtazama.

"Twende, mama," akamwambia Thelma. "Wanakungoja kwenye picha."