Nyumba Aliyoikataa Bibi wa Nzuguni

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Waumini wangu hapa Nzuguni wanalijua hilo. Tulipoanza kuwajengea wasio na makazi, nikisema Jumamosi saa moja asubuhi, saa moja wamefika na makoleo.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Tembe lake la udongo lilibomoka kwa mvua za mwaka uliopita, akawa analala kwenye banda la kupikia la jirani. Tulimjengea chumba na sebule kwa Jumamosi nne, bati juu. Kila alipoinuka asaidie, nilimketisha: tulia bibi, wewe leo mgeni wetu. Hata chakula akina mama wa kanisa walikuja nacho. Nilivimba kichwa, nisiseme uongo.

Siku ya kumkabidhi ufunguo, hakuupokea. Akarudi zake bandani kwa jirani.

Wiki nzima hivyo, na mawingu yameshaanza kujikusanya. Nilichukia, jamani. Nikamfuata nikamwambia wapo wengi wanaoililia nyumba ile, kama haitaki aseme. Mchungaji mzima! Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwanangu, kwetu watu wakija kukujengea, unawapikia," alisema. "Mmejenga siku nne, sijamnawisha mtu mikono. Nyumba hiyo ni yangu kwa lipi?"

Niliona aibu. Mimi ni Mgogo, mzaliwa wa Mpwapwa. Mama yangu alikuwa akianza kutwanga siku mbili kabla watu hawajaja kutulimia. Kila mara nahubiri kwamba kutoa ni moyo si utajiri, kumbe moyo wenyewe niliufanya wetu sisi tu, maskini kazi yao kupokea.

Nikamwomba atupikie. Jumamosi iliyofuata tulikaa mkekani mbele ya mlango wa nyumba ile mpya, ugali wa uwele na mlenda. Alitunawisha mmoja mmoja, akianza na mimi. Hapo mzee mmoja wa kanisa akaninong'oneza kwamba ule uwele ulikuwa mbegu. Bibi ametwanga alichoweka cha kupanda, na hana kingine.

Nikainua uso. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Nikamega tonge, nikala. Aliponiuliza kama aniongeze, nikamwambia ndiyo, mama, niongeze. Akainuka, akaingia ndani kwake kunichotea.