Kuku Aliyerudi Kutoka Kambini

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Butembo. Alishusha viazi na vitunguu kutoka Masereka, akapandisha chumvi na sabuni kutoka Beni, na kwa miaka mingi hakuna kilichomnyima usingizi isipokuwa watoto wetu walipougua. Kisha vita vikaingia barabarani. Siku moja, kati ya Beni na Butembo, lori lake lilimiminiwa risasi, na msaidizi wake akamfia mapajani huku gari likiendelea kwenda.

Aliporudi hakulala tena. Akifumba macho alishtuka na kushika usukani ambao haukuwepo. Muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu wa Bulengera akampa vidonge vya usingizi vya siku chache, akamwambia vikiisha basi. Mume wangu alilala kama mtoto aliyeshiba, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Vilipoisha, aliingia duka la kwanza la dawa aliloliona. Butembo ya miaka ile dawa ziliuzwa kama maharagwe. Matajiri walioleta vitambaa na misumari kutoka ng'ambo walileta pia katoni za vidonge, na kila kona ilikuwa na muuzaji ambaye jana yake alikuwa akiuza viatu. Karatasi ya daktari hakuna aliyekuuliza. Dola, au vitunguu vya kutosha, na umepona.

Kilianza kimoja cha kulalia. Kikafuata cha kuamkia, kisha cha kuendeshea, maana bila hicho mikono ilitetemeka. Tajiri akamnyang'anya ufunguo wa lori. Nyumbani sufuria zikaanza kuondoka bila miguu. Nilimtukana, nikambembeleza, nikamfungia mlango, akatokea dirishani, mwanamume mzima mwenye ndevu. Nilimpenda mtu yule, na nilimchukia aliyekuwa amevaa ngozi yake. Hayo mawili yanakaa vizuri kabisa katika moyo mmoja, asikudanganye mtu.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Masereka kuja kutusaidia. Alikuwa mjane, kiongozi wa akina mama katika Kanisa, na akisimama hata padre alikuwa akiketi. Alimtazama mwanawe asubuhi moja, amekaa uani udenda ukimtoka, akasema kwamba jambo hili halihitaji machozi, linahitaji sheria.

Jumapili, baada ya misa, aliwakusanya watu. Kumbe hatukuwa peke yetu; mama mmoja alikuwa na kaka, mwingine alikuwa na binti. Mwenye duka la dawa la mtaa wetu alikuja pia, na ndiye peke yake aliyepinga.

"Bamama, mukikataza, hamutafunga mulango," alisema. "Mutapeleka tu ufunguo kwa baaskari. Mutuambie tuuze na karatasi ya munganga, bon, tutaitika. Mais lakini kukataza yote mara moja, hapana."

Tulimzomea. Tulisema anatetea tumbo lake, na kweli alikuwa anatetea tumbo lake. Shida ni kwamba mtu anaweza kutetea tumbo lake na bado akasema kweli, jambo ambalo kichwa changu kilikataa kulipokea siku ile.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na waasi nao walikuwa na bureau, yaani ofisi, na mihuri, na kodi zao. Kwetu mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Mama mkwe alichukua jogoo wa Masereka, akamfunga miguu, akamweka chini ya kikwembe, kitenge alichojifunga, nasi tukamfuata hadi kambini kwao. Kamanda, mtu wa mkoa wa mbali, alitupokea vizuri ajabu.

"Kamanda, batoto betu banaisha," mama mkwe alimwambia. "Banakula ile madawa sawa karanga. Ufunge zile maduka, ata moja isibakie."

"Mama, umesema vizuri," alijibu. Akamalizia kwa Kilingala cha askari, "Mobeko eza mobeko." Sheria ni sheria.

Akapokea jogoo kwa mikono miwili. Mama mkwe akamwambia "wasingya", ahsante ya Kinande, akainamisha kichwa. Haikupita muda askari wakapita sokoni na kipaza sauti: atakayeuza au kumeza vidonge vya usingizi atachapwa mbele ya watu. Wakaingia maduka yote, wakaingia hata kituo cha afya, wakapakia katoni kwenye gari. Sisi wanawake tulipiga vigelegele kando ya barabara. Nilipiga mpaka koo likakauka.

Mume wangu alibaki bila hata kidonge kimoja. Kwanza alitoka jasho, akaomba dirisha lifunguliwe, akaomba lifungwe. Kisha akaanza kuwaona wadudu ukutani. Siku iliyofuata mwili wake wote ulikakamaa, akaanguka kati ya mafiga, macho yakageuka, povu likamtoka.

Mama mkwe alipiga magoti kwa furaha. Nasema furaha, sikukosea neno.

"Shetani iko natoka," alisema. "Musimuguse. Iko naona kama mulango imefungwa, njo maana iko napigana."

Wakaja wenzake wa maombi wakajaza nyumba. Kila alipotikisika, waliimba kwa nguvu zaidi. Walimwombea kwa kufunga, na yeye pia wakamfungisha, hata maji wakamnyima. Walikuwa watu wema. Ningependa wawe waovu, ningejua pa kuelekeza hasira yangu.

Alipoanguka tena niliwaacha wakiimba nikakimbia kumwita muuguzi. Alimwangalia mume wangu, akashika kichwa chake mwenyewe.

"Nani alimukatia mara moja?" aliuliza. "Hii dawa banaipunguza polepole, nusu, robo, miezi. Ukikata sawa kamba, mutu anaanguka hivi, na anaweza kufa. Apewe ileile dawa, sasa."

"Tupe, basi," nikasema.

"Nitoe wapi? Baaskari balibeba yote. Ata ya sindano."

Nilimtuma kaka yangu hospitali kubwa. Akarudi na jibu lilelile: yao ilibebwa pia, nyingine ilitazamiwa kutoka Beni, na barabara ya Beni ilikuwa imekatwa kwa mapigano. Mahali pekee pa kwenda palikuwa kambini.

Nyimbo zilikuwa zimekoma. Mama mkwe alisimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mzee. Hakunitazama. Alitoka nje, akamkamata kuku wa mwisho aliyebaki uani, akamfunga miguu, akamweka chini ya kikwembe. Akashika njia akikimbia, mwanamke wa umri ule.

Nilikaa chini nimemweka mume wangu kichwa mapajani. Kati ya mtikisiko mmoja na mwingine alifumbua macho akanitambua.

"Mama batoto," alisema, "shika usukani."

Nikamwambia nimeushika. Nilimwomba Mungu, niliwaomba na askari, kimoyomoyo, nikiwaita mabwana zangu. Ningelamba viatu vyao.

Mama mkwe alirudi jua likiwa limeinama. Kabla hajafika mlangoni nilimsikia kuku akilia chini ya kikwembe, nikajua.

"Amekataa," alisema. "Anasema, mama, njo sheria yako wewe mwenyewe. Nikikupatia, bantu batasema nini? Mobeko eza mobeko." Akaketi kizingitini. "Mulinzi wa mulango ananiambia polepole, zile katoni hazimo tena. Zilishaenda Kasindi, kwa mupaka, kuuzwa."

Mume wangu alikufa asubuhi yake, akitikisika.

Siku hizi nikisikia watu wakibishana redioni, wengine wanataka dawa za kulevya zikatazwe, wengine wanataka ziachwe, ninazima. Waliouza bila kuuliza walimla nusu, na waliokataza bila kuuliza wakala nusu iliyobaki. Mwenye duka alikuja kuchimba kaburi pamoja na wanaume wengine. Hakusema kwamba alituonya, na hilo nalo lilinikasirisha.

Kuku yule tuliwapikia waliokuja kuzika, maana hatukuwa na kitu kingine. Paja walimpelekea mama mkwe, kwa kuwa msiba ulikuwa wake kwanza. Alilitazama sana, akasukuma sahani mbele yangu. Nilikula lote, mpaka mfupa, nikimwangalia usoni, naye akakaa pale akaniacha nimwangalie.