Kikapu Foleni, Wifi Kitandani

Mama yangu alitaka kitu kimoja tu Dar es Salaam: kulala hotelini. Si kwa ndugu. Alitaka kitanda ambacho hakuna mtu aliyehamishwa ili yeye alale. Kila aliposema hivyo nilicheka, kwa sababu kwetu Masasi mtu mwenye ndugu mjini halali hotelini. Ukifanya hivyo umetangaza kwamba nduguyo mchoyo, au wewe una maringo, au mmegombania shamba. Na sisi ndugu tulikuwa naye. Kaka yake mama, mjomba wangu, alikuwa amepanga vyumba viwili Ilala, yeye na mkewe.

Lakini mama alikuwa na sababu. Nyumba yetu ilikuwa jirani na stendi ya mabasi, na kila ndugu, na kila rafiki wa ndugu, aliyeshuka pale jioni alilala kwetu. Kitanda cha kwanza kutolewa kilikuwa cha mama. Nimekua nikimwona analala jikoni mkekani, na kabla hakujapambazuka anaamka kumchemshia maji mgeni ambaye wakati mwingine hata jina lake halijui. Mbele za watu alitabasamu. Alinung'unika kwangu mimi tu, asubuhi, akikung'uta mkeka.

"Ipo siku na mimi nitakuwa mgeni," alikuwa akisema. "Mgeni kamili."

Siku ilifika nilipomaliza chuo cha ualimu, nikisubiri kupangiwa shule. Mama alikuwa ameshona sare za wanafunzi mwaka mzima, mpaka cherehani ikawa inalia hata usingizini mwangu. Akaniita akaniambia mpango wake kwa sauti ya chini, kama mtu anayepanga wizi. Tungelala hotelini siku nne. Siku ya tano tungebeba mizigo na kapu la korosho, twende Ilala na sura za watu walioshuka basi asubuhi ileile.

"Na wakituona mjini?"

"Dar kubwa," akasema mama. "Nani atatuona?"

Hoteli yetu ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na nilipoingia chumbani nilipiga kelele. Vitanda viwili, kila mtu na chake! Shuka nyeupe, pembe zake zimekunjwa na kubanwa chini ya godoro kwa ufundi ambao sijawahi kuuona. Bomba linatoa maji ya moto ukutani. Kulikuwa na roshani inayotazama barabara, na chini yake maduka, baiskeli, vijana wenye suruali za bugaluu zinazofagia njia, na sauti za watu wanaoongea haraka haraka kama wanafukuzwa. Mama alivua viatu, akakaa kitandani taratibu, akainuka, akakaa tena.

"Nani analala hapa siku zote?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni cha kulipia."

Akalala chali na kanga yake na ushungi wake, akaangalia dari, akacheka peke yake. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Siku mbili za kwanza tulikula mji. Nasema kweli, sisi hatukutembea, tulikula. Nilivaa raizoni zangu mpya, viatu vya soli nene vilivyoniongezea urefu wa kidole kizima na maumivu ya vidole vyote. Kariakoo, nje ya lile soko jipya, tulikula mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tukateremshia na juisi ya miwa. Tukaingia sokoni kwenyewe, tukashuka ngazi mpaka chini ardhini, tukapanda tena, tukashuka tena, kwa sababu mama hakuamini kwamba watu wamechimba chini wakaweka vitunguu. Mnazi Mmoja tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa, tukanywa kahawa chungu na kashata. Mjini kabisa tukapata aiskrimu, mama akaipuliza kwanza kwa mazoea. Nilimcheka, akanikanya kwa jicho, kisha akacheka kunishinda.

Siku ya pili tulikwenda Magogoni, tukapanda pantoni mpaka Kigamboni bila ya kuwa na shughuli yoyote huko. Tulifika, tukala samaki wa kukaanga ng'ambo, tukarudi. "Tumekwenda kufanya nini?" mama aliuliza njiani. Nikamwambia, "Hakuna." Akatikisa kichwa kwa raha.

Sasa, mazoea yana taabu. Asubuhi ya siku ya tatu niliamshwa na sauti ya maji. Nikakuta kitanda cha mama ki wazi, godoro tupu, na chumba kimefagiliwa. Yeye yuko bafuni ameinama, anafua shuka za hoteli kwa sabuni ya kuogea.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nimelalia siku mbili. Nimwachie mwenyeji uchafu wangu?"

"Mwenyeji yupi?"

Aliendelea kusugua. Kwetu mgeni mwenye adabu hasubiri kuambiwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama alikuwa amelitafuta jembe lake mwenyewe. Kabla sijamzuia alikuwa ameshaanika kila kitu kwenye roshani: shuka mbili, foronya, na kanga yake nyekundu yenye maua ya njano, imetandazwa vizuri katikati kama bendera.

Mhudumu alipoleta chai alisimama mlangoni na sinia yake. Alikuwa mtu mzima, mpole.

"Mama yangu," akasema, "unanitafutia kufukuzwa kazi. Mimi nitafanya nini sasa?"

"Wewe kaa unywe chai," mama akamjibu.

Ile kanga lazima niieleze. Mama na wifi yake, yaani mke wa mjomba, walikuwa wameinunua doti moja siku ya harusi ya mjomba, wakaigawana. Kipande kimoja kilibaki Masasi, cha pili kikaja Ilala. Ndivyo wanawake wanaopendana wanavyofanya. Mmoja akivaa, mwenzake yumo.

Na siku hiyo, mwaka ule wa uhaba, kati ya maduka yote ya Dar es Salaam, sukari ilitoka kwenye duka lililo chini ya roshani yetu. Mwanzoni nilisikia tu mvumo wa watu. Nikachungulia, nikaona foleni imezunguka kona, wanawake kwa wanaume, na pale palipokosa mtu kuna jiwe au kikapu kinachomshikia nafasi mwenyewe. Wakati ule hakuna aliyeiba nafasi ya kikapu. Foleni ikisogea, wa nyuma wanakisukuma mbele kwa mguu, na mambo yanaendelea.

Nikamwona mwanamke amesimama katikati ya foleni, amenyanyua uso, mikono kiunoni. Haangalii duka, anaangalia kanga. Na kiunoni mwake yeye mwenyewe amejifunga nyekundu yenye maua ya njano.

"Mama," nikasema, "tumekwisha."

Wifi aliweka kikapu chini, akamwambia wa nyuma yake neno moja, akavuka barabara. Nilisikia kandambili zake ngazini, ghorofa ya kwanza, ya pili. Mama alisimama katikati ya chumba amebana mikono kama mtoto aliyevunja chungu. Mlango haukubishwa hodi. Ulifunguliwa tu.

"Shikamoo, mama," nikawahi mimi.

"Marahaba. Wewe nyamaza." Akamgeukia mama. "Wifi. Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, wifi yangu."

"Nyumba yangu inanuka? Nilikunyima chakula lini? Kaka yako akijua dada yake yuko Dar, amelala hotelini kama mtu asiye na kwao, ataiweka wapi sura yake? Watu wa Ilala watasema mimi ndiye niliyekufukuza. Mimi! Na hujui kwamba nafasi yangu ya sukari nimeiacha kule chini kwa sababu yako!"

Alikuwa analia sasa, kwa hasira. Na mimi nilikuwa na hasira vilevile, sijui na nani. Nadhani na zile shuka. Mama hakujitetea kwa uongo. Alisema ukweli wote, pale pale, akiwa amesimama: mkeka wa jikoni, maji ya alfajiri, wageni wa stendi, miaka yote ile. Akasema alitaka kulala mahali asipomhamisha mtu. Akasema alijua akija Ilala, wifi yake atatoa kitanda na kulala chini sebuleni, na asingepata usingizi kwa kujua hivyo.

Wifi alifuta macho kwa ncha ya kanga. Akaangalia kitanda changu ambacho kilikuwa bado na shuka yake, akagusa ile pembe iliyobanwa.

"Juzi wameondoka watu watano wa Nachingwea," akasema polepole. "Wamekaa mwezi. Usiku huo ndipo niliporudi kitandani kwangu." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Hizi shuka wanafua wenyewe?"

"Wenyewe," mama akasema. "Mimi nimewapokonya kazi tu."

Nadhani ni mama aliyeanza kucheka. Walicheka mpaka wakashikana, mpaka mhudumu akachungulia kuona kama kuna mtu amefariki. Mama akamtuma biriani, kwa maana siku hiyo ilikuwa Ijumaa na mgahawa wa jirani uliipika Ijumaa tu. Ililetwa imefunikwa, ina zabibu na mvuke wa hiliki. Wifi alilazimishwa kukaa kitandani na sahani magotini.

"Mtu mzima na afya yake anakula kitandani?" alilalamika, huku mkono wake hautulii.

Alipomaliza alioga maji ya moto, akachelewa huko mpaka nikaogopa. Akatoka, akajilaza "dakika moja tu". Mama akajilaza pembeni yake. Mimi nikawekwa kwenye roshani, mlinzi wa kikapu.

"Kimefika wapi?" wifi aliuliza.

"Kwenye nguzo ya taa."

Akajigeuza kitandani. "Na sasa?"

"Kimepita nguzo. Mzee mmoja anakisukuma kwa fimbo."

"Mungu ambariki. Na sasa?"

"Bado watu kama kumi na watano."

Safari nyingine hakuuliza. Nikageuka, wote wawili wamelala, vinywa wazi, mgongo kwa mgongo katika kitanda cha mtu mmoja. Nilisimama pale nikiwaangalia. Sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Kwa wifi, siwezi kusema, lakini sura yake ilikuwa ya mtu ambaye hakuwahi.

Kikapu kilipobakiza watu watatu, nilishuka ngazi na raizoni zangu, nusura nivunjike shingo. Nikasimama nyuma yake. Watu walinitazama kuanzia kisigino mpaka kichwa. "Hiki cha nani?" muuzaji akauliza. "Cha mama yangu," nikajibu, na haukuwa uongo mkubwa. Nikapewa kilo moja ya sukari kwenye karatasi, nikapanda nayo juu nikihisi nimeshinda kombe.

Wifi aliamka jua limeshalegea, akashika kichwa kwa hofu, kisha akaiona sukari. Alikwenda nyumbani akamwambia mjomba kwamba foleni ilikuwa ndefu. Nani angebisha? Mwaka ule foleni ilikuwa jibu la kila swali.

Tulikubaliana twende Ilala kesho yake, siku moja kabla ya mpango. Tukafika na korosho zetu, tumejipaka vumbi kidogo usoni kwa ajili ya mjomba. Wifi alitoka uani akapiga vigelegele. "Jamani, wageni! Poleni na safari! Basi limefika saa ngapi?" Nilibana meno nisicheke. Mjomba alitukumbatia, akatuwekea chai, akamimina sukari kwa majivuno.

"Kunyweni. Mke wangu amesimama kwa sukari hii jana kutwa nzima. Lakini ajabu, amerudi anang'aa."

Kisha akasema lile tulilolijua: "Mtalala chumbani kwetu. Sisi tutatandika mkeka sebuleni."

Nilimwona mama anaangalia chini. Usiku mmoja wa hotelini ulikuwa umebaki, umeshalipiwa, na ufunguo alikuwa nao, wenye kibao chake cha mti. Niliamini angetafuta hila turudi. Alikuwa ameusubiri miaka yote ile, jamani, na alikuwa na haki yake. Badala yake alimfuata wifi jikoni, na mimi nikawafuata. Akamfungia ufunguo kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Nimeshamwambia yule mhudumu," akamnong'oneza. "Atakutandikia. Usifue kitu."

Wifi hakusema asante. Alitoka uani, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba, nimesikia kesho asubuhi mafuta ya kula yanatoka mjini. Watu wanalala foleni. Wacha na mimi niende mapema."

"Na wageni hawa?" mjomba akauliza.

"Wageni gani? Dada yako huyu. Atapika."

Mjomba akamtazama kwa huruma, akampa koti lake la baridi. "Pole sana, mke wangu. Unateseka kwa ajili yetu."

Akaondoka jua bado halijazama, mkeka kwapani, kikapu mkononi, koti la mumewe begani. Mama alikaa jikoni Ilala akaanza kupembua mchele. Kesho yake adhuhuri wifi alirudi na kikapu kitupu, akasema mafuta yameisha alipofika mlangoni. Mjomba alimpa pole tena. Ile jioni, wifi alipotutandikia kitanda chake, nilimwona anabana pembe za shuka chini ya godoro, taratibu, moja moja, mpaka zote nne.