Sili Hovyo

Mimi kabla sijakaa kwenye mgahawa, naomba kwanza nionyeshwe choo. Wahudumu hudhani nimebanwa. Sijabanwa, nataka kuona. Mtu ambaye choo chake kinanuka, jikoni kwake sitaki hata kusimuliwa. Nikitoka huko napita makusudi karibu na dirisha la jiko, nachungulia mafuta ya kukaangia chipsi. Yakiwa meusi, nakumbuka ghafla kwamba nina kikao ofisini. Nikiridhika ndipo nakaa, na hapo ndipo mayonesi inapoletwa. Watu wa Kigali na mayonesi, jamani! Chupa imezungushwa meza hadi meza tangu asubuhi, jua linaipiga, kila aliyepita kaibinya. Mimi huisukuma kwa kidole kimoja mpaka upande wa pili wa meza.

Ofisini kwetu Kicukiro, tunaposhughulikia mizigo inayopanda kutoka Dar, mwenzangu mmoja Mkenya aliniita Inspekta. "Inspekta, leo tunafunga mgahawa gani?" Nilimwacha acheke. Mchana wenzangu wote walikuwa wakienda kula melanje, yaani vyakula vimepangwa kwenye masinia, unapita mara moja tu na sahani yako, kwa hiyo watu hupakua mlima: wali, ndizi, viazi, maharage, tambi juu ya wali, na kipande kimoja cha nyama unachowekewa na mhudumu anayekulinda usichukue viwili. Nikifika wakati mifuniko ndiyo inafunuliwa na mvuke bado unatoka, napakua. Nikikuta watu wameshachota, sipakui. Nanunua yai la kuchemsha nalimenya mwenyewe, na parachichi nalipasua mwenyewe. Nikaonekana nina maringo. Sawa.

Sikuzaliwa hivi. Muheza nilikokulia tulikula mihogo ya kukaanga kando ya barabara, vumbi la magari ndiyo chumvi, na tumbo langu halikuwahi kulalamika. Ugonjwa huu wa kushuku sahani ulinianzia hapa hapa Kigali, baada ya kuolewa, nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza. Mchana mmoja nilikula kuku wa melanje. Alikuwa na mchuzi ambao, naapa, haukuwa wa siku ile. Jioni nikashikwa na homa na tumbo la kukata, na kabla wiki haijaisha mimba ikatoka. Daktari alikaa nami kwa upole, akasema mambo haya huja kwa sababu nyingi, na mara nyingi sababu yenyewe haijulikani. Mimi hilo la haijulikani sikulikubali. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, nikampata: yule kuku. Kuanzia hapo sikumwamini mtu yeyote anayeshika upawa.

Mume wangu ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kina maneno matamu kuliko changu. Mama yake alimlea huko, kisha wakarudi Rwanda, na sasa anaishi Nyagatare na ng'ombe wake. Nilipopata mimba ya pili ilikubaliwa bila mjadala kwamba Mama mkwe atakuja kukaa nami nikikaribia kujifungua. Mama yangu mzazi yuko Muheza, miguu imemkataa, safari ile ndefu ya basi haiwezi. Dada sina. Mume wangu kazi yake ni ya kusafiri. Kwa hiyo ni Mama mkwe au niko peke yangu na tumbo langu, na kwa yale yaliyonipata mara ya kwanza, peke yangu nilikuwa siwezi. Nilikuwa naogopa mpaka kupiga chafya.

Mimba ilipoanza kuonekana, Mama mkwe akaja Kigali kutuona. Alikusudia kulala kwetu Kibagabaga siku kadhaa. Siku hiyo hiyo ya kufika akasema anataka kumtoa mkwe wake. Tukadhani atataka mchomo wa mbuzi. Thubutu! Alitaka maziwa. Kuna maduka mjini hapa ambayo biashara yake ni maziwa tu, pipa la chuma linalong'aa kaunta, vikombe vikubwa vya kioo, chapati na mayai pembeni. Akachagua moja la Kicukiro ambalo mwenye nalo anatoka kwao Nyagatare. Njiani mume wangu alininong'oneza: "Tafadhali. Maziwa ya Mama hayakataliwi." Nilijua. Kwa mtu wa ng'ombe, kukupa maziwa mbele za watu ni kukupa heshima yote aliyonayo.

Lakini kliniki, muuguzi alishatuambia sisi wajawazito kwamba maziwa yasiyochemshwa tuyaache. Nikamwita msichana wa kaunta.

"Haya ya mgando, maziwa yake yalichemshwa kwanza?"

"Iko ya leo, mama."

"Sijauliza ya lini. Yalichemshwa?"

"Iko mazuri sana, mama," akasema, akatabasamu kabisa.

Basi nikajua hayakuchemshwa. Vikaletwa vikombe vitatu vya ikivuguto, yaani maziwa ya mgando, mazito, meupe pee. Mama mkwe akakichukua changu, akakiinua kwa mikono miwili, akanywa funda moja, akameza huku ananitazama, ndipo akanikabidhi. Hiyo ni desturi yao, nilishaisikia: anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina kitu. Desturi nzuri tu. Ila mimi, Mungu anisamehe, niliona ule ukingo wa kikombe umelowa mate, nikajumlisha na maziwa yasiyochemshwa, nikashindwa. Nikajifanya nanywa. Nilipeleka kikombe mdomoni, nikapandisha na kushusha koo bila kumeza kitu.

Akainuka kwenda kaunta kuchagua chapati, akapata wa kusalimiana naye. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshamaliza cha kwake. Bila kuomba ruhusa nikammiminia changu chote.

"Unafanya nini wewe?"

"Kunywa haraka!"

Masikini, akanywa kama mtu anayekimbizwa. Mama aliporudi na chapati zake, akakuta kikombe changu kitupu na mdomo wangu mkavu kabisa, na mwanawe ana masharubu meupe na macho yamemtoka. Mtu aliyeishi na maziwa maisha yake yote, utamdanganya nini? Alitazama kikombe changu, akanitazama mimi, akakaa. Akazikunjua chapati kwenye karatasi, moja moja.

"Umekunywa vizuri," akasema.

Tulipotoka nje akatengeneza kitenge chake begani, akasema amekumbuka ng'ombe mmoja anakaribia kuzaa, bora arudi leo leo. Tukabembeleza, wapi! Tukampeleka stendi. Alinishika mkono kuniaga, mkono wenyewe mwepesi, hauna mshiko.

"Amekasirika?" nikamuuliza mume wangu kwenye gari.

"Amesema hajakasirika."

"Sijakuuliza amesema nini."

Akabadili gia. Hiyo ndiyo tabia ya mume wangu inayoniua: akishaona jambo ni zito, anakuwa dereva tu.

Mizigo ya kutoka Nyagatare ikabadilika. Zamani Mama mkwe alikuwa haachi basi lipite bila kutuma samli yake kwenye chupa, au isombe, yaani kisamvu, aliyoipika mwenyewe akaifunga vizuri kwenye ndoo. Sasa tukienda kuchukua mzigo tunakuta maharage makavu. Ndizi mbichi na mkungu wake. Viazi vyenye udongo. Mayai ndani ya majani makavu. Hakuna kilichopikwa, hakuna kilichofunguliwa, hakuna kilichopita kwenye sufuria yake.

"Si ndicho ulichokuwa unataka?" mume wangu akasema siku moja akiwa ananyanyua gunia. "Vitu unavyomenya mwenyewe."

Nilimjibu vibaya siku hiyo, sitayarudia hapa. Nilikasirika kwa sababu nilishaanza kulifikiria hilo mwenyewe, usiku na mchana. Nikawa nahesabu kimoyomoyo nani atanishika mkono, nakosa wa kumtaja. Nilitamani kumpigia simu nimwambie habari ya muuguzi na maziwa yasiyochemshwa, lakini nikifikiria nitakavyolianza hilo neno, kwamba maziwa yako niliyaogopa, naona bora nikae kimya. Na kuna upande wangu mwingine, ule wa Inspekta, ulikuwa unasema: huyu mama ana lake jambo. Haiwezekani mtu achukie hivi kwa sababu ya kikombe kimoja cha maziwa.

Hata hivyo alikuja. Siku zangu zilipokaribia, akashuka na begi lake, akavua viatu mlangoni, akanikumbatia kwa kulizunguka tumbo kwa uangalifu. Nikapumua. Kumbe bado. Alifua, akadeki, akakunja nguo ndogo za mtoto akazipanga kwa ukubwa. Lakini jikoni hakukanyaga. Nikipika, anakula na kushukuru. Nisipopika, anatoa kwenye begi mahindi yake ya kukaanga aliyokuja nayo, anakaa kwenye kiti anayatafuna taratibu. Hata chai hakuniwekea. Kila jioni mimi ndiye nimesimama jikoni na tumbo linagusa kabati, miguu imevimba, namkorogea mgeni wangu ugali. Nikajiuliza, huyu amekuja kunisaidia au amekuja kunitazama? Mume wangu yuko safarini. Nikaanza hata kumsikiliza anapopiga simu kwa Kinyarwanda, nadaka maneno mawili matatu, najijazia mwenyewe yaliyobaki, na yote nayajaza mabaya.

Siku moja nilikuwa nakata vitunguu, mgongo ukanivuta mpaka nikashika ukuta. Nikaona giza la hasira.

"Mama," nikapaza sauti, "kwani humu jikoni kuna nyoka?"

Akaja mpaka mlangoni, akasimama pale pale kwenye kizingiti.

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai! Niambie nimekukosea nini. Kama ni yale maziwa, muuguzi alitukataza maziwa yasiyochemshwa, basi, sio wewe! Ningekwambiaje mbele za watu?"

Alifuta mikono isiyo na kitu kwenye kitenge.

"Sio maziwa," akasema. "Yule mtoto wa kwanza. Jumapili ile mlikuwa kwangu. Nilikupikia isombe, nikakupa maziwa, ukala ukashiba. Mmerudi Kigali, wiki ile ile nasikia mimba imetoka. Ukaja tena kwangu baadaye, nikakuona unanusa sahani. Kila nikikupa kitu unakinusa. Na majirani kule wananiuliza, mkwe wako siku hizo alikula wapi? Wanauliza tu, wanacheka. Mimi najua wanachouliza." Hapo sauti ikamkatika. "Nikikupikia tena na likatokea jambo, nitasema nini? Mtu atanisikia? Niambie kweli. Ulidhani ni mimi?"

Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu. Jumapili ile! Nilikuwa nimeisahau kabisa. Katika watu wote niliowashuku, na niliushuku mji mzima, wapishi, wahudumu, wauza sambusa, hata maji ya dispensa ofisini, yeye hakuwahi kunipitia kichwani. Nilikuwa nanusa chakula chake kama ninavyonusa vya wote. Na yeye kila nilipoinamisha pua alikuwa ananisikia nikisema ni wewe. Miaka yote hiyo. Nilimlilia pale pale, na vitunguu vikanisaidia.

"Ilikuwa kuku, Mama. Kuku wa melanje, karibu na ofisi. Na huyo kuku mwenyewe daktari hakusema ndiye, nilimsema mimi."

"Kuku," akarudia.

"Haki ya Mungu."

Alinitazama sana, macho yanakwenda usoni kwangu yanarudi, anatafuta kama namdanganya ili nimtulize. Sikumlaumu. Na mimi ningetafuta.

"Naomba unipikie," nikasema. "Nimechoka."

"Nikikupikia, ukaumwa?"

"Nitaumwa. Si utakuwa hapa?"

Akavuka kizingiti. Akaninyang'anya kisu, akanisukuma kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, akafungua bomba akanawa mikono kwa sabuni. Mimi nimekaa nafuta machozi, lakini macho yangu, jamani, tabia haina dawa, yalikuwa kwenye ile mikono: je, amefika kwenye kucha? Akageuka akaniona. Sikuwahi kuyaondoa.

Akafungua bomba tena, akachukua sabuni, akanawa mara ya pili, polepole, kucha moja baada ya nyingine, ameinua mikono ili nione.